Anza Mwisho, Rudi Nyuma: Mwongozo Kamili wa Kupanga kwa Nadharia ya Mabadiliko

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye chumba kimoja cha kukodi katika mtaa wa Huruma, Nairobi, nimsaidie mwekahazina wa kikundi cha vijana kuandika ripoti. Kikundi kilikuwa kimefundisha vijana 24 ushonaji kwa miezi mitatu. Cherehani zilinunuliwa, mwalimu akalipwa, vyeti vikatolewa, mgeni rasmi akakata utepe. Ilibaki sentensi moja tu: vijana wangapi leo wanaishi kwa ushonaji? Tulipiga simu moja baada ya nyingine mpaka jua likazama. Watatu. Na mmoja kati yao alikuwa fundi kabla hata ya mafunzo.

Hakuna aliyekula pesa. Kila kilichopangwa kilifanyika, risiti zote zilikuwa kwenye faili. Ubovu ulikuwa kwenye mpango wenyewe: walianza na walichokuwa nacho mkononi, yaani mwalimu, cherehani na ukumbi, kisha wakatumaini kwamba huko mbele vitageuka kuwa riziki. Tangu siku hiyo mimi hupanga kwa kurudi kinyumenyume, na hapa nitaeleza namna ya kufanya hivyo kwa kutumia mfano wa kikundi kile, kwa sababu nimeujua kwa karibu na kwa sababu makosa yake ni ya wengi wetu.

Njia yenyewe huitwa nadharia ya mabadiliko. Mwaka 1995 mtafiti Mmarekani Carol Weiss aliandika kwamba miradi mingi ya kijamii ni migumu kutathmini kwa kuwa wenye miradi hawajasema waziwazi wanadhani mabadiliko yatatokeaje, hatua kwa hatua. Neno nadharia lisikutishe. Mama mboga anayedamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Marikiti anayo ya kwake: akiwahi atapata sukuma mbichi kwa bei ya chini, akipata bei ya chini atafika kibandani na faida, na akifika kabla watu hawajatoka kazini atauza zote. Mvua ikinyesha na matatu zikapandisha nauli, anajua ni kiungo gani kimekatika. Wengi wetu wenye miradi ya mamilioni hatujui.

Vitu vya kuandaa

Karatasi kubwa za kaki, zile za kufungia vitabu vya shule, zibandikwe ukutani. Kadi ndogo au karatasi za kunata, kalamu nene za rangi tatu, na siku nzima. Watu sita hadi wanane wanatosha. Miongoni mwao awepo angalau mmoja ambaye mradi unamhusu mwilini, si kwa maneno. Kwetu, kwa kuwa kikundi kilitegemea kuuza sare za shule, huyo angekuwa mzazi anayezinunua au kijana aliyeacha ushonaji. Na mwalike mtu anayejulikana kwa kubisha. Atawachosha asubuhi, lakini kufikia saa nane mchana mtaona faida yake.

Hatua ya 1: Andika mwisho kama Jumanne

“Kuwawezesha vijana” haufai kuwa mwisho. Waulize watu wanane kuwezesha ni nini, utapata majibu tisa.

Chukua tarehe moja, tuseme Jumanne ya kawaida mwezi Machi 2028. Hakuna sherehe wala mgeni. Binti aliyepita kwenye kikundi chenu anaamka. Anakwenda wapi? Nani anamsubiri huko? Jioni ana shilingi ngapi, na kodi ya mwezi ule ameilipa na nini? Andikeni Jumanne hiyo kwa mistari mitano au sita, kila mtu peke yake, halafu someaneni kwa sauti. Hapo ndipo mtagundua kwamba mwenyekiti alikuwa akimwona binti ana duka lake, mwekahazina akimwona ameajiriwa kiwandani, na mama wa watoto watatu aliyeketi nyuma hakuwaza biashara kabisa, alitaka tu binti asirudi kuomba nauli.

Kutoka kwenye mazungumzo hayo ndipo sentensi ya mwisho huzaliwa. Yetu, tulipoirudia upya mwaka uliofuata, ilikuwa hivi: vijana 10 wa Huruma na Mathare wanapata angalau shilingi 15,000 kila mwezi kutokana na ushonaji, kwa miezi 12 mfululizo, bila kikundi kuwashika mkono. Ina watu, idadi, kiasi, muda, na ina yale maneno ya mwisho, “bila kikundi”, ambayo huwa yanasahaulika.

Kisha uliza “ili iweje?” Vijana wapate 15,000, ili iweje? Ili wajitegemee. Wajitegemee, ili iweje? Ukiendelea utafika “ili Kenya iwe nchi nzuri”, na hapo umepanda mno. Shuka ngazi moja au mbili. Swali hili lina kazi nyingine pia: likikwama kwenye jibu la kwanza, huenda unachokiita mwisho ni shughuli tu iliyovaa suti.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kwa swali moja

Bandika sentensi ya mwisho juu kabisa ya ukuta. Chini yake jibu swali hili: ili jambo hili liwe kweli, ni mambo gani lazima yawe yamekwisha kuwa kweli?

Sisi tulipata matatu. Kila mshonaji ana kazi ya kutosha kila wiki, hata miezi ambayo wateja hawana pesa. Kila kazi inaacha faida baada ya kutoa kitambaa, uzi, umeme na kodi. Na mteja analipa kwa wakati. Kisha tukashuka kwenye kila kadi na kurudia swali lilelile. Ili awe na kazi ya kutosha, lazima wateja wamjue na wawe wanarudi. Ili warudi, lazima nguo isifumuke na itoke siku aliyoahidi. (Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kuambiwa “njoo kesho” na fundi wa nguo, na kesho ikazaa kesho nyingine, anaelewa uzito wa kadi hiyo.) Ili itoke siku hiyo, lazima ajue kukata kitambaa wala si kushona tu, awe na cherehani siku zote na si kwa zamu, apate karibu mashine ya ovaloki, ile ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, na awe na mahali penye umeme na kufuli.

Kufikia saa sita ukuta ulikuwa na kadi kumi na saba. Kadi iliyosema “kijana anajua kushona mshono ulionyooka” ilikuwa chini kabisa, kona ya kushoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa imemeza bajeti nzima ya mwaka uliotangulia.

Kuna hila ndogo ambayo Kiswahili kimetupa bure. Shughuli huanza na ku-: kufundisha, kuhamasisha, kujenga uwezo, kushirikisha wadau. Hali husimama na mtu wake na wakati wake: anajua, wamepata, wananunua, imelipwa. Kwenye hatua hii kadi ikianza na ku-, iraruliwe na iandikwe upya. “Kuhamasisha wazazi” inageuka kuwa “wazazi wanajua bei yetu na wanaijua kabla ya Desemba”. Utaona watu wakikwama kwenye zoezi hili, na mkwamo huo una maana: mara nyingi hatujui shughuli yetu ilikusudiwa kubadilisha nini.

Jambo jingine: tofautisheni “na” na “au”. Baadhi ya kadi zinahitajika zote kwa pamoja. Ikikosekana moja, ya juu inaanguka. Nyingine ni njia mbadala. Moja ikitimia inatosha. Sisi tulichora mstari mzito kwa “na”, mstari wa nukta kwa “au”. Mpango wenye “na” nyingi ni dhaifu hata ukipendeza, kwa sababu kila “na” ni mlango mwingine ambao ukifungwa safari imeisha.

Endelea kushuka hadi ufike kwenye kadi ambayo tayari ni kweli leo, au ambayo unaweza kuitimiza kwa mikono yako mwenyewe mwezi ujao.

Hatua ya 3: Ihoji mishale

Sasa una kadi na mishale inayotoka chini kwenda juu. Watu wengi hukagua kadi na kusahau mishale, ilhali mipango hufia kwenye mishale. Kila mshale una dhana iliyojificha, jambo unalolichukulia kuwa kweli bila kulitamka.

Mfano bora zaidi ninaoujua ni wa hapa nyumbani. Mwaka 1996 shule kadhaa za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilianza kupewa vitabu vya kiada, na watafiti, akiwemo Michael Kremer, wakazilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Mshale ulionekana hauhitaji mjadala: mtoto akipata kitabu, atafaulu zaidi. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika walikuwa wale wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Dhana iliyojificha ilikuwa “mtoto anaweza kukisoma kitabu hiki”, na hakuna aliyeiandika kwenye kadi.

Hadithi ina sehemu ya pili. Kuanzia 1998, Kremer na mwenzake Edward Miguel walifuatilia utoaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Utoro ulipungua kwa takriban robo, kwa gharama ndogo sana. Lakini alama za mitihani hazikupanda katika kipindi walichokipima. Kwa hiyo mshale wa “minyoo imekwisha, mtoto yuko darasani” ulishika. Ule wa “yuko darasani, alama zinapanda” haukuonekana. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa utafiti wa namna hii. Mimi huwasimulia vikundi habari hii kwa sababu ya kitu kimoja: watu wenye akili, karibu na shule, wenye nia njema, waliuona mshale wa vitabu na wakaamini.

Kwa kila mshale andikeni dhana yake pembeni, kisha ipakeni rangi. Kijani: tumeiona kwa macho yetu. Samawati: tumesikia kutoka kwa wengine waliofanya. Nyekundu: tunatumaini. Muwe wakweli. “Kila mtu anajua” ni nyekundu.

Sisi tulipata nyekundu nne. Kwamba mzazi ataacha duka la mjini na kununua sare kwa fundi wa mtaa. Kwamba mwalimu mkuu atatukubali wakati shule ina mtu wake wa siku zote. Kwamba Januari mzazi ana pesa ya kulipa kwa mkupuo. Na ya nne, iliyoandikwa na yule kijana aliyekuwa ameacha: kwamba mtu anaweza kukaa miezi sita akijenga wateja huku tumbo likisubiri. Yeye alikuwa ametujibu kwa simu mwaka mmoja kabla, “Bosi, cherehani hailipi leo. Mjengo unalipa jioni.” Mjengo ni kibarua cha ujenzi. Kadi zote za ufundi zingeweza kutimia na dhana hiyo moja ikavunja kila kitu. Na ndicho kilichotokea.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kupenda mpango

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingi, nami naiona ya lazima. Mishale ina ukubwa. Haitoshi kusema sare zitaleta kipato, sema ngapi.

Vijana 10, kila mmoja shilingi 15,000, kwa miezi 12, ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Tuseme seti moja ya sare inaacha faida ya shilingi 300 baada ya gharama zote. Inahitajika kushonwa seti 6,000. Tuseme tena kila shule inatupa wanunuzi 200 kwa mwaka, ambayo ni matumaini makubwa. Hizo ni shule 30. Kikundi kilikuwa kimezungumza na walimu wakuu wawili.

Chumba kilinyamaza. Mbishi wetu alicheka peke yake.

Lakini hesabu hiyohiyo ilitufungulia mlango. Mtu mmoja alisema karibu na Gikomba, soko la mitumba, kuna mafundi wanaoishi kwa kurekebisha mitumba: kupunguza kiuno, kukata suruali, kubadilisha zipu. Tukipiga faida ya shilingi 100 kwa kazi moja, kazi tano kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 13,000. Fundi mmoja, bila mwalimu mkuu yeyote. Na zaidi ya hapo, inalipa jioni, kama mjengo.

Namba zenu zitakuwa za kukisia, na ni sawa. Makisio mabaya yaliyoandikwa yanaweza kusahihishwa na mtu anayejua.

Hatua ya 5: Tafuta njia nyingine, na uliza kingetokea nini bila ninyi

Ukishaona hesabu, rudi kwenye kadi za juu na uulize kama kuna njia nyingine ya kuzifikia. Kupanga kwa kurudi nyuma kuna hatari yake: ukipata mnyororo mmoja unaopendeza unaweza kudhani ni wa pekee. Lazimisheni angalau njia tatu kwa kila kadi ya juu, hata ya tatu ikiwa ya kijinga. Sare, mitumba, majoho ya kwaya, aproni za wauza nyama, kuajiriwa kiwandani. Halafu linganisheni kwa hesabu ileile.

Na kwa kila njia, swali gumu: je, hili lingetokea hata tusipokuwepo? Yule kijana wa tatu, aliyekuwa fundi kabla ya mafunzo, alihesabiwa kwenye ripoti kama mafanikio. Hakuwa wetu. Vikundi hupenda kuchagua watu ambao wangefanikiwa hata hivyo, kwa sababu wanafika kwa wakati na wanapendeza kwenye picha.

Hatua ya 6: Chora mstari wa mikono yenu

Chukua kalamu na uchore mstari mlalo ukutani. Chini yake ni kadi ambazo ninyi mnaweza kuzitimiza na mkishindwa mnastahili kulaumiwa. Juu yake ni zile mnazoweza kuzisukuma tu, kwa kuwa uamuzi ni wa mtu mwingine: mteja, mwalimu mkuu, kaunti. Mstari ukiwa juu mno mnajiahidia mambo ya Mungu. Ukiwa chini mno mtasherehekea vyeti.

Juu ya mstari, andika jina la cheo cha anayeamua kwenye kila kadi. Ikikosa mwamuzi, kadi hiyo ni upepo.

Hatua ya 7: Sasa ndipo shughuli

Huu ndio wakati wa ku-. Kwa kila kadi iliyo chini ya mstari, uliza tufanye nini ili hali hii iwe kweli. Andika shughuli kwenye kadi za rangi tofauti na uzibandike chini ya hali zake. Shughuli isiyo na hali ya kuegemea iondoke, hata kama ndiyo mnayoipenda na hata kama mfadhili ameitaja kwa jina. Kwetu iliondoka sherehe ya vyeti, na kwa kweli ilizua maneno kuliko jambo lolote lingine siku ile. Iliingia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria: kila mwanafunzi akae wiki nne za mwisho kwa fundi anayefanya kazi, akilipwa chakula na nauli, kwa sababu hapo ndipo mtu hujifunza kumwambia mteja bei bila kuona haya.

Kama mfadhili anataka lile jedwali la safu na visanduku liitwalo logframe, ambalo limekuwepo kwenye miradi ya misaada tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lijazeni baada ya ukuta. Mkianza na jedwali mtajaza visanduku vyote na hakuna atakayeiona mishale, maana jedwali halina mishale.

Kwa mtu binafsi hatua ni zilezile. Anayetaka kuwa muuguzi ndani ya miaka sita abandike Jumanne yake juu ya kitanda na ashuke: leseni, kabla yake mtihani, kabla yake nafasi ya chuo, kabla yake alama na karo. Tofauti ni kwamba hana mbishi chumbani, kwa hiyo amtafute.

Hatua ya 8: Viashiria vinavyopima kadi ya juu

Kiashiria ni kitu mtakachokiona kadi ikitimia. Kosa la kawaida ni kupima shughuli: vijana waliohudhuria, saa zilizofundishwa. Wangari Maathai alilielewa hili mapema. Katika Green Belt Movement, iliyoanza mwaka 1977, akina mama walilipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika, yaani uliobaki hai baada ya kupandwa. Angeweza kulipia miche iliyopandwa, na angepata hesabu kubwa na vumbi. Kwa kulipia ulioshika, kipimo chenyewe kiliwafanya watu wamwagilie na wazuie mbuzi.

Tafuta mche ulioshika wa mradi wako. Wetu ulikuwa mteja aliyerudi mara ya pili. Fundi anaandika kwenye daftari jina la mteja na siku. Akirudi, alama ya vema. Kipimo hiki ni rahisi, hakidanganyi sana, na kinapima ubora, bei na ahadi kwa mpigo mmoja. Viashiria vitatu au vinne vinatosha. Nimeona kikundi chenye viashiria 31 na hakuna hata kimoja kilichopimwa mara mbili.

Hatua ya 9: Kalenda nayo irudi nyuma

Mpango wa sare uliobaki, sasa mdogo na wa msimu, ulitupa kalenda hii. Shule zinafungua Januari. Wazazi wananunua kuanzia katikati ya Desemba. Sare ziwe zimekunjwa tayari mwisho wa Novemba. Kushona ni Septemba hadi Novemba. Kitambaa kiwe kimenunuliwa Agosti, Biashara Street au Eastleigh, baada ya kulinganisha bei na rangi, kwani kijani cha shule moja si kijani cha shule nyingine. Sampuli ziwe mikononi mwa walimu wakuu na wazazi kabla ya likizo ya Agosti. Kwa hiyo ustadi wa kukata uwe umekolea kufikia Juni, na mafunzo yaanze Januari, karibu mwaka mzima kabla ya shilingi ya kwanza ya sare. Kikundi kile, mara ya kwanza, kilianza mafunzo Septemba na kutoa vyeti Desemba. Siku ambayo vijana walipata vyeti, wazazi walikuwa tayari wamenunua.

Kama mnyororo wako unapita City Hall, yaani serikali ya kaunti ya Nairobi, kwa mfano unataka vibanda, taa za barabarani au chuo cha ufundi cha kaunti kifunguliwe, rudi nyuma zaidi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kabla yake ile taarifa ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari. Na kabla ya yote hayo, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Yaani pesa unayotaka itumike kuanzia Julai 2027 inapaswa kuwa imetajwa kwenye mpango wa Septemba 2026, na wewe uwe umezungumza na MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na watu wa wadi miezi kadhaa kabla. Kikao cha maoni ya umma mwezi Aprili, ambacho wengi hukimbilia na mabango, kinakuta mikate imeshakatwa. Unaweza kubishania ukubwa wa kipande, mara chache kipande kipya.

Weka tarehe kwenye kila kadi kuanzia juu kwenda chini. Kadi ya chini ikiangukia tarehe iliyopita, umepata habari muhimu: lengo lisogee mwaka mmoja mbele au njia ibadilike. Usifiche kwa kubana miezi.

Hatua ya 10: Jaribu nyekundu nzito zaidi kwa bei rahisi

Kabla ya kununua hata sindano, chagua dhana nyekundu ambayo ikivunjika mpango wote unaanguka, na uijaribu kwa pesa kidogo ndani ya wiki chache. Usianze na iliyo rahisi kujaribu. Na andika mapema matokeo gani yatakufanya ubadilishe mawazo, kwa sababu ukishaona matokeo utapata maelezo matamu ya kila kitu.

Sisi tulijaribu mbili. Kwanza, kijana mmoja alikodi cherehani na kuketi Gikomba kwa wiki tatu akirekebisha mitumba. Tulikuwa tumeandika kwamba chini ya kazi tatu kwa siku tunaacha. Wiki ya kwanza alipata mbili kwa siku. Ya pili, baada ya kuhamia karibu na wauza suruali, nne. Ya tatu, sita, isipokuwa Alhamisi iliyonyesha, ambapo hakupata hata moja. Mvua ikapata kadi yake ukutani, na chini ya kadi hiyo tukaandika turubai.

Pili, tulipeleka sampuli sita za sare kwa akina mama wa mtaa mmoja na kuwauliza bei. Hawakuuliza swali kuhusu mshono. Mama mmoja aliishika sketi, akaigeuza ndani nje, akasema, “Ni safi. Lakini Januari usije kwangu, mwanangu. Januari nina karo.” Wengine watano wakasema vivyo hivyo kwa maneno yao. Dhana ya kulipa kwa mkupuo ilivunjika kwa nauli ya matatu na saa mbili za kutembea.

Tulirudi kwenye karatasi ya kaki, tukaipiga msalaba kadi hiyo kwa kalamu nyekundu, tukaandika tarehe pembeni, na chini yake tukaweka mpya: “Mzazi ameanza kuweka akiba ya sare kwetu tangu Agosti, shilingi 100 kwa wiki, na kadi yake anaitunza yeye.” Mshale wake ulikuwa bado mwekundu. Mwekahazina alikuwa tayari anatafuta rula ya kuchora kadi za akiba.